Nilimwambia Baba Safari ya Mlimani Imevunjika

Kosa ni langu peke yangu. Nalitanguliza hilo ili asitokee msomaji mwenye huruma akaanza kunitafutia visingizio. Sikulazimishwa na mtu. Sikuwa mtoto. Nilikuwa mwalimu, nina akili zangu timamu, na nilimdanganya baba yangu mzazi huku namtazama usoni.

Jina langu msiliandike. Watu wa kwetu Mbekenyera wakisoma watanijua, na wanijue tu. Nimechoka kukaa na jambo hili kifuani.

Miaka hiyo nilikuwa nafundisha shule ya msingi Nachingwea. Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha karibuni, sukari ya foleni, sabuni ya kubahatisha. Kwetu mimi ndiye msichana wa kwanza kushika chaki. Nilijiona! Mungu anisamehe, nilijiona sana.

Rafiki zangu pale shuleni walikuwa walimu waliotoka mbali. Adela, Mhaya wa Bukoba, tulikaa naye nyumba moja. Elia alikuwa Mchaga wa Marangu, mrefu, mpole, mwenye sauti ya kwaya. Na huyo Elia nilikuwa naye moyoni, ingawa yeye Mkristo mimi Mwislamu, na hakuna kati yetu aliyekuwa amesema neno. Nalitaja kwa sababu lilichangia ujinga wangu, sijitetei.

Siku moja tumekaa barazani tunachambua mchele, Elia akatucheka.

"Nyie walimu gani? Mnawachorea watoto Kilimanjaro ubaoni kama kichuguu, wenyewe hamjauona hata kwa mbali!"

"Nauli ya huko anayo nani?" Adela akamjibu. "Ule mlima wa wazungu."

"Wa wazungu? Mlima uko nyuma ya migomba ya mama yangu! Tukijipanga vizuri tunakwenda na kurudi kabla likizo haijaisha, na hakuna atakayeuza hata sahani."

Tukajipanga kweli. Sijawahi kuona safari iliyopangwa kwa ubahili mtamu kama ule! Mpaka Dar tungepanda lori la ufuta, juu ya magunia, maana dereva alikuwa mzazi wa mwanafunzi wetu. Dar tungelala Magomeni kwa shangazi yake Adela. Kutoka hapo, treni ya Moshi, daraja la tatu. Marangu tungekula na kulala kwa wazazi wa Elia.

Kileleni hatukuwa na mpango wa kwenda. Hayo ni ya wenye fedha na viatu. Sisi tungeingia lango la hifadhi na binamu yake Elia, ambaye kazi yake ilikuwa kuongoza wageni, tukalala usiku mmoja kwenye kibanda cha kwanza, asubuhi tukapanda mpaka msitu unapoisha, tukauona mlima uso kwa uso, tukashuka. Basi.

Shida ilikuwa nguo za baridi. Nani Nachingwea ana sweta? Elia akaazima makoti mawili ya jeshi kwa vijana waliorudi vitani. Adela akafumua fulana kuukuu za sufu akatufumia kofia. Nilifua raba zangu nikazipaka chokaa. Hizo raba ndizo zingepanda Kilimanjaro!

Tulikuwa wanne, mwenzetu mmoja akajitoa kwa sababu mkewe alikuwa karibu kujifungua. Elia akasema, nakumbuka kabisa, "Nafasi ya mtu mmoja ipo. Mwenye ndugu yake amlete. Kwetu kitanda kipo."

Jumamosi ile nikaenda Mbekenyera kuwaona baba na mdogo wangu Somoe. Mama alikuwa ameshatangulia mbele za haki. Baba yangu alikuwa mkulima, ana mikorosho yake na shamba la ufuta. Kabla sijazaliwa alikwenda manamba, yaani kukata mkonge huko kaskazini kwenye mashamba ya wazungu, kama walivyokwenda vijana wengi wa kwetu. Jicho lake moja lilikuwa limekufa. La pili daktari alishasema linakufa pia, presha ya jicho imeliharibu, na dawa ya kulirudisha hakuna. Nililijua hilo. Nililijua!

Na ni mdomo wangu mwenyewe uliompa habari ya safari. Nilitaka anisifu.

Baba aliweka jembe chini. "Kilimanjaro? Ule wa kule kwenye mkonge?"

"Huohuo, baba."

"Miye nilikuwa nauona kila nikiamka. Unakuwa mwekundu, halafu unakuwa mweupe." Halafu akasema kwa sauti ya chini, kama anayeomba kitu kikubwa, "Mwanangu, gari lenu limejaa?"

Nikasema halijajaa. Nikasema tutakwenda wote. Alicheka mpaka Somoe akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Baba yangu hakuwa mtu wa kucheka vile.

Nilipokuwa narudi Nachingwea roho ikaanza kusinyaa. Nikamwona baba akilini mwangu ameketi nyumbani kwa akina Elia. Baba ana chale usoni, zile nembo zetu za zamani, paji zima na mashavu yote mawili. Viatu vyake makatambuga ya matairi. Anabwia ugoro. Kiswahili chake cha mashamba ya mkonge, kimechanganyika na Kimwera, na akikosa neno anapaza sauti kana kwamba wewe ndiye kiziwi. Nikasema moyoni, mama yake Elia atasema nini? Elia mwenyewe atasema nini?

Sikuamua kitu. Nikaacha siku ziende. Uoga ndivyo ulivyo.

Ijumaa moja, tukiwa ofisi ya walimu, nikasikia mtu anabisha hodi kwa sauti kubwa. Baba! Amevaa kanzu iliyofuliwa mpaka inang'aa, mfuko wa korosho begani. Alikuwa amepanda lori kutoka Ruangwa tangu alfajiri. Mwalimu mmoja kijana akamnong'oneza mwenzake, "Huyu mzee kachorwa ramani," wakacheka ndani ya viganja vyao. Elia hakuwapo, alikuwa darasani.

Adela akaniuliza, "Mgeni wako? Ni nani?"

Nikasema, "Jirani yetu wa kijijini. Huwa ananiletea korosho."

Jirani yetu!

Niliinuka haraka nikamtoa nje kabla hajajitambulisha. Sikujua kama amesikia. Uso wake haukubadilika.

"Nimeona siyo vizuri wenzetu wa safari wanione kwa mara ya kwanza kwenye lori," akasema. "Nimekuja niwasalimu."

"Baba, nilitaka nije nikwambie. Safari imevunjika."

"Imevunjika?"

"Lori limeharibika. Na mafuta hakuna."

"Imevunjika kabisa, au imesogezwa mbele?"

Pale palikuwa na mlango wa kutokea, jamani. Ningesema imesogezwa, nikaenda kulia chooni, nikarudi na akili. Nikasema, "Kabisa, baba."

Akatikisa kichwa taratibu. Akanipa mfuko. "Hizi nilikaanga kwa ajili ya wenyeji wetu wa kule. Kuleni nyie walimu." Akaaga, akaenda stendi kutafuta gari la kurudi. Alikuwa ameanza kutembea kwa kupapasa mguu mbele, nikamwona, nikarudi ofisini.

Likizo ilipofika nikamtumia Somoe salamu kwamba nina semina Lindi. Tukaondoka watatu. Juu ya magunia ya ufuta pengo la mtu mmoja lilibaki wazi, tukawa tunanyoosha miguu humo, na Adela akawa anasema, "Afadhali hatukuongeza mtu!" Nikaitikia.

Treni ilipokaribia Moshi asubuhi, watu wakajaa upande mmoja wa behewa. Nikachungulia chini ya kwapa la mtu. Mlima ulikuwa mwekundu. Halafu, tukitazama, ukawa mweupe.

Nilifurahi, siongopi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilifurahi!

Kwa akina Elia tulipokelewa kama watoto waliopotea. Mama yake alikuwa mnene, mcheshi, mikono imejaa utomvu wa ndizi. Nikampa zile korosho. Akatafuna moja, akafumba macho.

"Nani kazikaanga hizi?"

"Baba yangu."

"Na mwenyewe mbona hamkuja naye? Elia alisema kuna nafasi. Nilishatandika."

"Baba hapendi safari," nikasema.

Mzee wake Elia alikuwa kwenye kigoda anavuta kiko. "Watu wa kusini!" akasema. "Wenye chale. Nimekata mkonge nao kule bondeni nikiwa kijana. Watu wa kazi wale, na mtu akiugua hawamwachi. Baba yako hakuwahi kufika huku?"

"Hapana," nikasema.

Alinisalimia kwa neno moja la kikwetu, akalikosea kidogo, akacheka mwenyewe. Kumbe watu niliowaogopa wangemkumbatia! Nilikaa pale na uji wa ndizi mkononi mpaka ukapoa.

Tulipanda. Msitu ule una ndevu, miti imeota ukungu mpaka kwenye matawi, maji yanadondoka bila mvua. Asubuhi ya pili tukatokea juu ya msitu, na ule mlima ukawa mbele yetu wote. Adela alilia. Elia alisimama karibu yangu akaniuliza, "Umeridhika, mwalimu?" Nikasema nimeridhika. Baridi ilikuwa inaniingia hadi kwenye meno na koti la jeshi nimevaa.

Tukarudi kazini. Nikienda Mbekenyera nilikuwa sikai sana. Baba ananiambia pole na semina, nami naitikia. Masika ilipokaribia, Somoe akaniambia baba sasa anamwagia chai nje ya kikombe. Nikampeleka hospitali tena. Daktari akamulika tochi, akaizima, akanitazama mimi.

Kumbe Elia alikwenda kwao Krismasi, na mama yake akampa kahawa ya kumletea baba yangu, shukrani ya korosho. Elia hakuniambia. Alitaka iwe jambo la kushtukiza. Siku moja ana kazi Ruangwa, akapitia Mbekenyera kwa baiskeli ya kuazima. Alinikuta mimi nipo, nasuka nywele za Somoe uani. Nilipomwona anaingia, nikauacha msuko nusu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu, nani mwenzangu?"

"Elia, mzee. Nafundisha na mwanao. Mama yangu anakusalimu sana. Tulipokwenda mlimani tulilala kwake, amekutumia kahawa."

Nikamtazama baba.

Baba aligeuza uso kule sauti ilikotoka. "Mlipokwenda mlimani," akasema.

"Ndiyo, likizo ile ya ufuta. Mwanao hakukusimulia?"

Nikafunga macho. Nikangoja.

"Kanisimulia," baba akasema. "Kanisimulia vizuri kabisa." Akanyoosha mikono, akapokea ile kahawa, akainusa muda mrefu. "Na theluji, bado inashuka mpaka mabegani? Au imepanda juu?"

Elia akamweleza. Baba akauliza kingine, na kingine, kama vile anaongezea tu kwenye simulizi yangu. Alinisitiri mbele ya mgeni! Mimi niliyemkana mbele ya walimu, yeye akanisitiri.

Elia alipoondoka nikapiga magoti, nikamshika miguu. Nikalia mpaka Somoe naye akaanza kulia bila kujua analilia nini.

"Nyanyuka," baba akasema. "Siku ile shuleni nilikusikia. Jirani. Nikasema labda kazi yake inataka hivyo."

"Baba nisamehe! Nitakupeleka. Likizo ijayo nakupeleka."

"Unipeleke nikatazame nini, mama? Wewe mwenyewe nakuona kama moshi."

Halafu akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema. Sisi watoto tulijua tu kwamba kaka yake, baba mkubwa Hamisi, alikwenda manamba asirudi. Tulidhani alioa huko. Kumbe alikufa kwa homa mikononi mwa baba, wakiwa vijana, na baba na wenzake wakamzika pembeni ya shamba la mkonge. Jiwe hawakuweka. Baba alimwahidi bibi yetu kwamba ipo siku atarudi amsomee nduguye dua.

"Pale pana mlima," akasema. "Nilisimama nikautazama, ule mkubwa na ule mdogo wenye meno, jinsi ilivyokaa na vilima vya mbele. Nikasema alama yangu ni hii, haing'oleki. Nikisimama pale nikautazama, nitajua. Kukuelekeza siwezi. Macho ndiyo yanajua, mdomo haujui."

Ee Mungu wangu! Mimi nilidhani anataka kutembea.

Nilimwambia Elia ukweli wote, kwa sababu alistahili kujua kitanda cha mama yake kilibaki kitupu kwa nini. Hakunigombeza. Alisema, "Ningekuja kukuchumbia, nawe ungemficha baba yako siku ya harusi?" Baadaye akaomba uhamisho. Hilo nalihesabu dogo.

Kiangazi kilichofuata nilimpeleka baba. Njia ileile, lori, Magomeni, treni. Watu walipokimbilia dirishani baba akaniuliza, "Mlima umejifunika au uko wazi?"

"Uko wazi, baba. Wote."

Akageuza uso upande usiokuwa na mlima. Nikamshika kidevu taratibu nikamgeuza.

Tulishuka kituo kidogo alichokikumbuka jina. Mlinzi wa shamba akatuhurumia, akatuacha tuingie. Mkonge wa zamani ulikuwa umeng'olewa, mwingine umepandwa, na mwingine umemezwa na vichaka. Baba akanishika bega. "Niambie ule mdogo umekaa wapi."

"Kulia, baba."

"Umeegemea kilima gani?"

Nikatazama. Vilima vilikuwa vingi. "Kimoja kina miti, baba."

"Miti mingapi? Kimechongoka, au kiko kama mgongo wa ng'ombe?"

Nilijitahidi, wallahi nilijitahidi. Kila nilichosema alitikisa kichwa. Tukasogea, akauliza tena, nikaeleza tena. Siyo hapa. Siyo hapa pia. Jua likawa kali, midomo ikamkauka, miba ya mkonge imemchana kanzu. Mwishowe akakaa chini katikati ya mistari ya mkonge, mahali popote tu.

"Tumsomee hapahapa," akasema. "Labda atasikia."

Akasoma. Alipomaliza akaongea Kimwera, polepole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Alisema, kaka, nimekuja, ila nimechelewa, macho yameniishia njiani. Hakusema mtoto wangu alinichelewesha. Hata kwa marehemu alinisitiri.

Baba alishafariki, siku nyingi sasa. Kabla hajafa aliniambia amenisamehe, na najua alisema kweli. Lakini baba mkubwa Hamisi amelala kule, hakuna mtu duniani anayejua ni wapi, na aliyekuwa anajua alikuwa tayari kwenda, kanzu ameshafua. Msamaha wa baba mkubwa sina pa kuuombea.

Nyinyi vijana mnaopanga safari zenu siku hizi, na vikao vyenu na vicheko vyenu, nawaomba kwa machozi. Mzazi wako akikuuliza kama gari limejaa, usikimbilie kufikiria viatu vyake, wala uso wake, wala watu watakaocheka. Na usidhani anataka matembezi. Kaa naye chini, muulize anamwendea nani. Mimi sikuuliza.